Baiskeli Juu ya Theluji: Undugu wa Waendao Kazini na Kazi ya Wanaosafisha Njia

Mwezi Desemba, saa 1:00 asubuhi, jiji la Oulu lililoko kaskazini mwa Ufini bado limo gizani. Katika siku fupi kuliko zote, jua huchomoza huko karibu saa 4:30 asubuhi na kuzama saa 8:00 mchana, na kipimajoto huweza kuonesha nyuzi 15, 20 au hata 30 chini ya sifuri. Hata hivyo, ndani ya giza hilo huonekana taa ndogo nyeupe na nyekundu zikipita moja baada ya nyingine juu ya njia za theluji iliyoshindiliwa. Ni taa za baiskeli. Wafanyakazi wanaelekea ofisini, watoto wanaelekea shuleni, na wazee wanakwenda dukani wakiwa na vikapu vyao mbele ya usukani.

Kwa msomaji aliyezoea kipupwe cha Njombe na Makete, ambako baridi ya Juni na Julai huacha sakitu juu ya mashamba ya viazi, picha hiyo yaweza kuonekana kuwa ya watu wanaojitesa bila sababu. Wenyewe hawaioni hivyo. Oulu ni jiji la tano kwa idadi ya watu nchini Ufini, lenye wakazi zaidi ya 200,000, na liko takriban kilomita 170 kusini mwa Duara la Aktiki, yaani ule mstari ambao kaskazini yake zipo siku katika mwaka jua lisipochomoza kabisa. Theluji hukaa ardhini tangu Novemba hadi Aprili. Mtu anayesubiri iyeyuke ndipo apande baiskeli atakuwa ameiegesha kwa karibu nusu mwaka.

Wapo wanaodhani kuwa kinachowatoa watu hao nyumbani ni ushupavu wa kuzaliwa. Dhana hiyo haielezi kwa nini watu wa baridi ileile, katika miji mingine yenye theluji ileile, huziacha baiskeli zao mara theluji ya kwanza inapoanguka. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni mawili: njia iliyosafishwa kabla watu hawajaamka, na undugu wa wale wanaoitumia. Mambo haya mawili yana uhusiano usioonekana upesi. Penye usafi wa njia, undugu hutulia na kunyamaza. Pasipo na usafi huo, undugu ndio unaobeba mzigo wote.

Mtandao uliotangulia theluji

Oulu haikuanza na theluji. Ilianza na mpango wa njia za baiskeli uliowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo miji mingi ya Ulaya ilikuwa ikipanua barabara za magari. Tangu hapo njia ziliendelea kuongezwa pamoja na kila mtaa mpya, na leo zina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Nyingi kati yake zimetengwa kabisa na barabara ya magari, na zinapokutana na barabara kubwa hupita chini yake. Vivuko vya chini ya barabara vya aina hiyo ni zaidi ya 300. Mtoto wa miaka minane anaweza kutoka nyumbani hadi darasani bila kukatiza mbele ya lori hata mara moja.

Juu ya msingi huo ndipo kazi ya majira ya baridi inapofanyika. Usiku theluji inapoanguka, mitambo ya kuikwangua huingia katika njia kuu za baiskeli mapema, ili njia hizo ziwe tayari kabla ya msururu wa asubuhi. Wakandarasi hawatakiwi kuifikia lami. Huacha tabaka jembamba la theluji iliyoshindiliwa, lenye mikwaruzo inayofanya tairi lishike, na panapohitajika humwaga kokoto ndogo juu yake.

Chumvi, ambayo wengi huidhania kuwa dawa ya barafu kila mahali, haisaidii sana katika baridi kali. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu baridi inapozidi takriban nyuzi 10 chini ya sifuri, na ikitumika vibaya huigeuza theluji kavu kuwa uji mzito ambao huganda tena usiku na kuacha mifereji migumu kama saruji. Ndiyo maana baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ambayo humtisha mgeni, ni rafiki kwa mwendesha baiskeli kuliko hali ya karibu na sifuri. Theluji kavu na ngumu hulia chini ya tairi na kulishika. Hatari kubwa iko pale inapoyeyuka mchana na kuganda usiku, ikaacha kioo chembamba cha barafu ambacho jicho halikioni. Katika miji ya kusini zaidi kama Copenhagen, ambako majira ya baridi hucheza juu na chini ya sifuri, chumvi na maji ya chumvi hufanya kazi vizuri, na njia za baiskeli huwa miongoni mwa za kwanza kusafishwa. Mji wa Linköping nchini Uswidi ulijulikana kwa njia nyingine: mtambo wenye brashi kubwa hufagia theluji yote hadi kwenye lami, kisha hunyunyiza maji ya chumvi nyuma yake. Hakuna kanuni moja ya nchi zote. Kila mji hulazimika kuijua baridi yake.

Matokeo ya kazi ya Oulu yalijulikana duniani kupitia picha moja ya uwanja wa shule. Pekka Tahkola, mhandisi wa jiji hilo anayejishughulisha na masuala ya baiskeli, alionesha safu za baiskeli zilizoegeshwa kwenye theluji katika shule ya Metsokangas siku ambayo baridi ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Alieleza kuwa kati ya wanafunzi wapatao 1,200, karibu 1,000 walikuwa wamefika kwa baiskeli. Wengine kati ya 100 na 150 walikuja kwa miguu, na waliobaki kwa skii, kwa sleji zinazosukumwa kwa mguu, au kwa gari. Watu wa nje walistaajabia watoto. Waliostahili kutazamwa zaidi walikuwa madereva wa mitambo, ambao wakati watoto hao wanakunywa uji walikuwa wamekwisha kumaliza zamu yao.

Mwili, nguo na chombo

Baridi yenyewe humsumbua mwendesha baiskeli kidogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mwili unaofanya kazi hutoa joto. Kanuni ya wazoefu ni kwamba anayetoka mlangoni akihisi joto la kutosha amevaa kupita kiasi. Dakika kumi baadaye atatokwa jasho, na jasho ndilo adui, kwa sababu nguo iliyolowa huunyonya mwili joto mara tu mtu anaposimama. Nguo nyepesi kadhaa zilizovaliwa moja juu ya nyingine, ya ndani ikiwa ya sufu, hufaa kuliko koti moja zito. Sehemu zinazoteseka ni zile zilizo mbali na moyo: vidole vya mikono, vidole vya miguu, masikio na ncha ya pua. Baadhi ya watu hufunga juu ya usukani mifuko minene ambayo mikono huingizwa ndani yake. Viatu huchaguliwa vikubwa kidogo, kwani kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usiopata damu huganda hata ukivishwa soksi tatu.

Chombo nacho kina tabia zake. Grisi iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma huganda, na mtu akakanyaga pedali zikazunguka bure bila gurudumu kushika. Kebo ya breki iliyoingiwa na maji huganda ndani ya ala yake. Kufuli hukataa ufunguo. Betri za taa huishiwa nguvu mapema, na kwa sababu hiyo wengi huzibeba katika mfuko wa ndani hadi dakika ya kuondoka. Baiskeli inayoingizwa ndani ya nyumba yenye joto jioni na kutolewa nje asubuhi huwa na matatizo zaidi kuliko ile iliyolala nje, kwa kuwa unyevu hujikusanya juu ya chuma baridi, hupenya kila mahali, kisha huganda. Mnyororo unaopitia chumvi huota kutu ndani ya siku chache usipopanguswa na kutiwa mafuta. Wazoefu wengi hutenga kwa kazi hiyo baiskeli ya zamani isiyo na gia nyingi, nao hawaionei huruma.

Kifaa kimoja kimebadilisha hali kuliko vingine vyote, nacho ni tairi la njumu: tairi lililopachikwa mamia ya pini ndogo ngumu zinazouma barafu. Mtu asiye na uwezo wa kununua mawili hushauriwa alifunge la mbele kwanza. Gurudumu la nyuma likiteleza mwendeshaji hupata nafasi ya kujirekebisha. La mbele likiteleza, huwa yuko chini kabla hajatambua. Baiskeli za matairi manene, zilizotokana na mashindano ya masafa marefu juu ya theluji huko Alaska tangu miaka ya 1980, hupendeza dukani na hufaa kwenye theluji laini ya porini. Juu ya njia iliyokwanguliwa vizuri ni mzigo tu kwa mpanda baiskeli.

Salamu ya macho

Sehemu kubwa ya maarifa hayo haikujifunzwa vitabuni. Ilipita kutoka kwa mwendeshaji mmoja hadi mwingine, mara nyingi pembezoni mwa njia, mtu mmoja akiwa amechuchumaa mbele ya gurudumu na mwingine akimmulikia taa. Katika miji ya Amerika ya Kaskazini ambako baiskeli ya majira ya baridi bado ni jambo la wachache, kuna adabu iliyojengeka ambayo mgeni huitambua ndani ya wiki ya kwanza. Mtu aliyesimama hapitwi bila kuulizwa kama ana shida. Wanaokutana kila siku kwenye daraja moja, saa ileile, hupungiana mkono au hutikisa kichwa, ingawa nyuso zimefunikwa na skafu hadi machoni na hakuna anayelijua jina la mwenzake. Hujuana kwa rangi ya koti, kwa mlio wa mnyororo, kwa namna taa inavyocheza. Mmoja wao asipoonekana siku tatu, wengine huanza kujiuliza kama ameanguka.

Undugu huu una sababu zake. Watu hao ni wachache, taabu yao ni moja, na wako wazi mbele ya wenzao kwa namna ambayo wenye magari hawako. Baina yao hakuna kioo wala mlango. Lakini pia wanahitajiana kikazi. Anayetangulia asubuhi ndiye anayejua kama kilima kimekwanguliwa na kama chini ya theluji mpya kuna barafu ya jana. Taarifa hiyo ikimfikia anayefuata, humwepusha na mguu uliovunjika.

Minneapolis, jiji la kaskazini mwa Marekani lenye majira ya baridi makali, lina mfano mzuri wa namna undugu huo unavyoweza kupewa umbo. Humo kuna njia iitwayo Midtown Greenway, yenye urefu wa takriban kilomita 9, iliyojengwa ndani ya handaki la wazi la reli ya zamani. Kwa kuwa iko chini ya usawa wa mitaa, haina makutano mengi na magari. Lakini kwa sababu hiyohiyo, usiku huweza kuwa na upweke unaotia hofu. Asasi ya wakazi inayoitetea njia hiyo iliunda kikundi cha watu wa kujitolea wanaopita humo kwa baiskeli nyakati za jioni. Huwasaidia waliopata pancha, huripoti taa zilizozimika, na kwa kuonekana tu huifanya njia iwe na watu. Si askari wala hawana mamlaka ya kumkamata yeyote. Kazi yao ni kuwapo.

Mwaka 2013 undugu wa miji mbalimbali ulikutana rasmi. Oulu ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa baiskeli za majira ya baridi, na mwaka uliofuata mkutano ulihamia Winnipeg nchini Kanada, kisha Leeuwarden, Minneapolis, Montréal, Moscow, Calgary na, mwaka 2020, Joensuu nchini Ufini. Mwaka huohuo wa 2013 ilianzishwa siku ya kimataifa ya kwenda kazini kwa baiskeli katika majira ya baridi, ambayo huwa Ijumaa ya pili ya Februari. Ilizaliwa katika utani wa wenyeji wa miji ya baridi waliotaka kuona ni mji gani ungeandikisha waendeshaji wengi zaidi. Katika baadhi ya miji washiriki hupokewa njiani kwa kahawa na vitafunwa, na mafundi hujitolea kukagua breki na mnyororo bila malipo.

Mwandishi wa Kanada Tom Babin, mkazi wa Calgary, aliandika kitabu kuhusu baiskeli za majira ya baridi, *Frostbike*, kilichotoka mwaka 2014. Katika miji ya aina hiyo, mwendesha baiskeli wa Februari huonekana na majirani kuwa ama shujaa ama mwendawazimu. Sifa zote mbili humtenga. Mama anayetaka kumpeleka mtoto chekechea hatafuti ushujaa, na akiambiwa kuwa jambo hilo ni la mashujaa ataacha. Hapa undugu wa wachache una hatari yake: ukijivunia ugumu kupita kiasi, hugeuka kuwa uzio. Huko Oulu hakuna anayempungia mkono mwenzake kwa sababu tu wote wako juu ya baiskeli, wangechoka mikono. Bibi anayetoka kununua mkate hajioni kuwa mwanachama wa chochote.

Nani asafishiwe kwanza

Suala la theluji likifika katika meza ya halmashauri huwa suala la mpangilio. Mitambo ni michache, usiku ni mfupi, na lazima njia moja itangulie nyingine. Kwa miaka mingi, karibu kila mahali, mpangilio ulikuwa mmoja: barabara kuu za magari kwanza, kisha barabara za mitaa, na mwisho njia za miguu na za baiskeli. Haukuonekana kuwa uamuzi. Ulionekana kuwa akili ya kawaida.

Mwaka 2011, mji mdogo wa Karlskoga nchini Uswidi uliamua kuzipitia upya sera zake zote kwa jicho la usawa wa jinsia. Inaelezwa kuwa afisa mmoja alitania akisema kwamba angalau usafishaji wa theluji ni jambo ambalo wataalamu wa jinsia hawatakuwa na la kusema juu yake. Utani huo uliwafanya walitazame. Walichokiona ni kwamba wanaume ndio waliotumia magari zaidi kwenda kazini moja kwa moja, ilhali wanawake walitembea zaidi, walipanda mabasi, na waliunganisha safari kadhaa katika moja: chekechea, kazini, dukani, kwa mzazi mzee. Kwa maneno mengine, mpangilio wa zamani uliwahudumia kwanza wale ambao theluji iliwasumbua kidogo. Gari huweza kupenya sentimita kadhaa za theluji mpya. Kigari cha mtoto, kiti cha magurudumu na baiskeli haviwezi kirahisi. Mji ukageuza mpangilio, ukaanza na njia za miguu na baiskeli. Kiasi cha theluji kilikuwa kilekile, na gharama ya kuiondoa haikuongezeka kwa kubadili utaratibu tu.

Manufaa yalikuwa makubwa kuliko yale ya kufika kwa wakati. Takwimu za hospitali nchini Uswidi zilionesha kuwa wengi wa wanaoumia kwenye utelezi ni watembea kwa miguu, si madereva, na kwamba wengi wa watembea kwa miguu hao ni wanawake. Katika mkoa wa Skåne, gharama za matibabu na za kukosa kazi zilizotokana na kuanguka kwa waenda kwa miguu katika majira ya baridi moja zilikadiriwa kuwa takriban mara mbili ya gharama za kuzitunza barabara kwa majira hayo. Fedha iliyoonekana kuokolewa katika bajeti ya barabara ilikuwa ikilipwa, na zaidi yake, katika bajeti ya afya. Hayo yalielezwa kwa upana na Caroline Criado Perez katika kitabu chake cha mwaka 2019, *Invisible Women*, na tangu hapo Karlskoga imekuwa ikitajwa katika mijadala ya mipango miji ulimwenguni.

Si kila mahali mambo yalikwenda vyema. Stockholm nayo ilichukua mwelekeo huo mwaka 2015. Novemba 2016 theluji nyingi isiyo ya kawaida iliangukia jiji hilo, usafiri ukakwama, na wapinzani wakaitupia lawama sera yenyewe. Uchunguzi wa karibu ulielekeza kwingine: jiji lilikuwa na utaratibu mpya bila mitambo ya kuutekeleza. Mtambo mkubwa wa barabara kuu hauingii katika njia ya upana wa mita mbili. Sera iliyoandikwa vizuri ilishindwa na ukosefu wa mashine ndogo. Kisa hicho huwarudisha waendesha baiskeli wengi kwenye jambo wanalolijua tangu zamani, kwamba maneno ya mpango wa jiji hupimwa saa 1:00 asubuhi, mlangoni mwa mtu.

Hapo ndipo undugu unapopata kazi yake ya pili. Watu walewale waliokuwa wakiambiana kilima kipi kina barafu, wakikusanya taarifa zao kwa utaratibu na kuzifikisha kwa mamlaka, huwa ukaguzi wa kila siku ambao hakuna halmashauri ingeweza kuulipia. Mhandisi hupita njia moja mara moja; wao hupita zote, kila asubuhi. Miji iliyofanikiwa imejifunza kuwasikiliza badala ya kuwaona kuwa walalamikaji. Nchini Kanada, Montréal, yenye wakazi wengi kutoka nchi zinazozungumza Kifaransa zikiwemo Kongo na Burundi, imeweka sehemu ya njia zake za baiskeli katika mtandao unaosafishwa majira yote, na katika majira ya baridi ya 2023 na 2024 huduma yake ya baiskeli za kukodi, BIXI, iliendelea kufanya kazi kwa mara ya kwanza badala ya kufungwa Novemba.

Wageni wanaojifunza

Katika nchi za Skandinavia, undugu wa baiskeli umepata sura nyingine ambayo ina maana kwa jamii za Kiafrika zilizohamia huko, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka mashariki mwa Kongo waliopokewa kama wakimbizi. Wanawake wengi katika jamii hizo walikulia mahali ambapo baiskeli ilikuwa ya kaka au ya baba, ya kubebea magunia na ndizi. Wanapofika katika mji ambao kila mtu hupanda, kutojua kupanda huwafungia mambo mengi: kazi za zamu ya alfajiri kabla ya basi la kwanza, masomo ya lugha upande wa pili wa mji, matembezi ya shule ya watoto. Vyama vya hiari, Chama cha Msalaba Mwekundu kikiwa kimojawapo nchini Denmark, vimekuwa vikiendesha mafunzo ya baiskeli kwa wanawake wahamiaji. Mkufunzi hukimbia nyuma akishika tandiko, kama anavyofanyiwa mtoto, na mwanafunzi wa miaka arobaini huambiwa atazame mbele, asitazame gurudumu.

Majira ya baridi huwa mtihani wa pili. Aliyejifunza Mei hukutana na barafu Novemba, na wengi huegesha baiskeli hapo, wakati ambapo wanaihitaji zaidi. Wanaoendelea mara nyingi ni wale waliopata mtu wa kufuatana naye: jirani, mfanyakazi mwenzake, mama mwingine wa chekechea ileile, anayetangulia mbele kwa mwendo wa polepole na kumwonesha mahali pa kupunguza kasi. Huambiwa ashushe tandiko ili mguu ufike chini kwa urahisi, asifunge breki ya mbele kwenye kona, na asigeuze usukani ghafla akihisi gurudumu linateleza. Baada ya majira ya baridi ya kwanza, mwanafunzi huyo huwa ndiye anayemtangulia mwingine.

Aprili, theluji inapoanza kuyeyuka huko Oulu, kazi haijaisha. Kokoto zilizomwagwa miezi mitano hubaki juu ya lami kavu, na tairi linaloingia kona juu yake huteleza karibu sawa na juu ya barafu. Vumbi lake nalo huwasumbua wenye pumu. Mitambo ya kufagia huingia njiani, safari hii mchana, jua likiwaka hadi jioni. Waendesha baiskeli huisubiri ipite mtaani mwao kabla ya kuyavua matairi ya njumu, kuyapangusa na kuyaning'iniza ukutani.